Daktari kwa Mujibu wa Kumbukumbu

Nchi hii haimo kwenye ramani, na atakayeitafuta atajisumbua bure. Inaitwa Jamhuri ya Usikivu. Nembo yake ni sikio la dhahabu, na sikio hilo limechorwa kwenye bendera, kwenye stempu, kwenye sare za askari na ndani ya vikombe vya ofisini, kule chini kabisa, ili mtu akimaliza chai aone kuwa serikali ilikuwa ikimsikiliza tangu mwanzo. Wananchi wake hawaulizani habari za asubuhi. Mkubwa husema, "Tunawasikia!" nao wadogo huweka viganja nyuma ya masikio na kuitikia, "Na mzidi kutusikia!" Kisha kila mtu hushika njia yake, maana kusikiana kumekwisha.

Serikali ya huko husikia kila kitu. Watu wakilia njaa, inasikia. Wakilalamikia barabara, inasikia. Haijawahi kuahidi kufanya lolote zaidi ya hapo, kwa hiyo haijawahi kuvunja ahadi. Doa lilikuwa moja tu, nalo ni la takwimu: katika Jamhuri ya Usikivu walikuwapo Viziwi elfu arobaini. Wizara ya Usikivu ilililia jambo hilo miaka mingi, ikaunda tume tatu, na tume ya tatu ikapata dawa. Kuanzia siku hiyo wasiitwe Viziwi tena, waitwe Wananchi wa Usikivu Mbadala. Tume ikavunjwa kwa ngoma na soda, kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha.

Mmoja wa hao elfu arobaini aliitwa Stamili Kingalu.

Stamili aliacha kusikia akiwa na miaka minne, baada ya homa iliyomlaza wiki tatu. Hakumbuki sauti yoyote, na ukimuuliza kama anazikosa atakuuliza nawe kama unakosa mkia. Alikuwa mwalimu wa shule ya Viziwi, mwembamba, mwenye macho yasiyosamehe, na mikono yake ilikuwa na ulimi mkali kuliko ndimi nyingi za vinywani. Viziwi wana desturi ya kumpa kila mtu jina la alama, na jina hilo halitokani na cheo wala ukoo, bali na kile ambacho jicho limekiona kwanza. Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Taifa, Profesa Habibu Tindwa, Stamili alimpa jina la kushika mkanda kwa mikono miwili na kuuvuta juu ya tumbo. Siku moja Profesa aliiona alama hiyo ikipita hewani, akauliza maana yake. Mkalimani akamjibu bila kupepesa jicho, "Maana yake ni hekima iliyojaa, Profesa." Tangu hapo Profesa Tindwa akawa anaitumia mwenyewe kila akiwasalimu Viziwi, nao walimpenda sana kwa hilo.

Mkalimani huyo ndiye Asumpta Ndimbo. Alikuwa mtu wa kusikia aliyezaliwa na baba na mama Viziwi, akajua kusema kwa mikono kabla hajajua kwa mdomo. Miaka kumi na mmoja alikuwa akienda na Stamili madarasani, benki, mahakamani na kwenye semina zisizokuwa na mwisho. Kazi yake ilikuwa na miiko michache ambayo aliishika kama wengine wanavyoshika swala: usiongeze, usipunguze, usijitie katikati. Kiziwi akisema "mimi", mkalimani naye husema "mimi", kwa kuwa mdomo ameuazima tu, mwenye maneno ni mwingine.

Sasa, Stamili alikuwa na jambo lake. Rafiki yake tangu darasa la kwanza, Mwasiti, alikwenda hospitali ya wilaya akiwa na mimba ya miezi minane. Alieleza maumivu yake kwa mikono, akaeleza tena, akaeleza mara ya tatu. Muuguzi hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akamtabasamia, akaandika kwenye kadi: "Mgonjwa ametulia, anacheza na mikono." Alasiri ya siku hiyo hiyo Mwasiti alifariki, na mtoto tumboni. Kadi ile Stamili aliichukua, akaitia katikati ya daftari, na kwa miaka sita alizunguka hospitali za nchi nzima akitafuta kadi nyingine za aina hiyo. Alizungumza na wanawake Viziwi mia moja na arobaini. Akaandika tasnifu ya uzamivu, kurasa mia tatu na tisa, juu ya namna wanawake hao wanavyosema inauma na namna hospitali inavyoandika.

Hakuitaka shahada ili aitwe Daktari. Alitaka kuanzisha mafunzo ya wakalimani wa hospitali, na sheria ya Usikivu ilisema mtaala wowote usio na sahihi ya mtu mwenye uzamivu ni karatasi ya kufungia vitumbua. Bila shahada, hakuna sahihi. Bila sahihi, hakuna wakalimani. Bila wakalimani, kuna kadi.

Siku ya kutetea tasnifu ilipokaribia, akaenda Wizarani kuomba ruhusa ya kuwa na mkalimani. Akapewa Fomu Namba Tisa. Swali la kwanza lilikuwa: "Eleza ulemavu wako." La pili: "Ulianza lini kuwa na tatizo hili?" La tatu: "Je, umewahi kujaribu kusikiliza kwa bidii?" La nne lilimtaka mwombaji afike dirishani mwenyewe na kutamka kwa sauti kwamba hawezi kutamka. Ofisa wa dirishani alikuwa kijana mstaarabu. Alipoona Stamili haitiki, akapandisha sauti; alipoona bado, akasimama juu ya kiti.

"ANAOMBA NINI?" akamuuliza Asumpta, ambaye alikuwa hatua moja kutoka kwake.

"Anaomba mkalimani," Asumpta akasema. "Mimi."

"Sasa kama tayari anaye, anaomba wa nini? Na kama hana, wewe ni nani?"

Swali lilikuwa zito, likapelekwa kwa wakubwa. Baada ya siku tisini jibu likarudi: ruhusa imetolewa, mkalimani avae nguo za heshima.

*

Jopo la watahini lilikuwa na watu watano: mmoja wa fani na wanne wa itifaki. Saa nzima ya kwanza ilikwenda kwenye kutambuana. Kila aliyesimama alimtaja Makamu Mkuu, akamtaja mwakilishi wa Waziri, akawataja wote waliotajwa na waliowataja, na mwisho akatangaza kwamba itifaki imezingatiwa. Stamili, ambaye husikiliza kwa macho, aliona midomo ikifunguka na kufungwa mithili ya samaki sokoni, akaona jasho likimtoka mtahini wa tatu, akajua kwamba bado hawajasema kitu. Alama za Asumpta kwa muda huo wote zilikuwa mbili tu: "wanasalimiana" na "bado."

Pembeni, kwenye meza ndogo, aliketi Bwana Sefu Mtandi, Katibu wa Kumbukumbu. Huyu ni lazima mumjue. Alikuwa ameandika kumbukumbu za vikao kwa miaka thelathini na mmoja bila kuinua kichwa. Aliamini kwamba anayeinua kichwa hupoteza sentensi, naye hakuwahi kupoteza hata moja. Wakubwa wa nchi aliwajua kwa sauti na kwa viatu. Mkewe alikuwa akisema kwamba hata siku ya harusi yao alimtambua kwa kikohozi.

Ikafika zamu ya maswali. Kila mtahini alimtazama Asumpta na kuanza, "Mwambie huyu dada..." Asumpta alitafsiri yote, pamoja na hayo ya "mwambie huyu dada", kwa kuwa mwiko ni mwiko. Yule mtahini wa fani, bibi mmoja mwenye miwani minene, ndiye pekee aliyegeuka akamtazama Stamili mwenyewe.

"Umejuaje kwamba shida ni ukalimani? Kwa nini isiwe ni uhaba wa dawa?"

Stamili alikuwa amelingoja swali hilo miaka sita. Mikono yake ikasimama kidogo, halafu ikaenda, haikuwa na haraka wala woga, na sauti ya Asumpta ikaifuata nyuma nyuma.

"Kwa sababu mimi nimesoma kadi mia moja na arobaini kwa macho yangu. Katika kadi tisini na mbili, dawa zilikuwepo kabatini. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza mgonjwa inauma wapi, akaelewa jibu. Kadi ya kwanza kabisa ni ya rafiki yangu. Mimi ndiye niliyemvika sanda."

Hata wale wanne wa itifaki walisahau kuzingatia. Bwana Mtandi, kichwa chini, alinong'ona kwa jirani yake, "Huyu mwanamke anayesema ni nani?" Jirani akamjibu ukweli mtupu: "Asumpta Ndimbo." Bwana Mtandi akaandika.

Kisha Stamili na Asumpta wakaombwa watoke nje, jopo lijadiliane. Huko ndani, kwa mujibu wa kanuni, kumbukumbu zilisomwa ili zithibitishwe, na kwa mujibu wa mazoea hakuna aliyezisikiliza. Katibu alipomaliza, wote waliweka viganja nyuma ya masikio wakasema, "Zimethibitishwa!" Mlango ukafunguliwa. Mtahiniwa amefaulu, tena kwa sifa. Stamili alimkumbatia Asumpta pale kwenye korido mpaka miwani ya Asumpta ikapinda, wakalia wote wawili, wakaenda kula chipsi mayai.

Baada ya wiki mbili barua ikafika. Ilikuwa na sikio la dhahabu juu na mhuri chini, na katikati ilimpongeza Daktari Asumpta Ndimbo kwa utafiti wake wa miaka sita.

*

"Ni kosa dogo la uandishi," Asumpta alisema ofisini kwa Makamu Mkuu, akisema kwa mdomo na kwa mikono kwa pamoja, jambo ambalo huwa halifanyi. "Profesa, mimi nilikuwa mkalimani tu."

"Usijidharau, Daktari," Profesa Tindwa akasema kwa upole.

"Mimi si daktari. Mwenye tasnifu ndiye huyu hapa. Jina lake liko kwenye jalada."

Profesa akavuta mkanda wake juu ya tumbo, alama ya hekima iliyojaa. "Jalada ni karatasi. Sisi tunakwenda kwa kumbukumbu. Kumbukumbu zinasema aliyesoma kadi ni Asumpta Ndimbo, aliyevika sanda ni Asumpta Ndimbo. Na Kanuni ya Kumi na Saba iko wazi kabisa: maneno ni mali ya aliyeyafikisha kikaoni. Wewe uliyafikisha. Huyu dada, kwa masikitiko makubwa, kumbukumbu zinaonyesha kwamba hakusema neno. Tena Katibu ametia alama ya pongezi: 'Mwenzake alikuwa mtulivu.'"

Stamili aliona neno hilo likitafsiriwa: mtulivu. Mgonjwa ametulia. Damu ikampanda. Mikono yake ikapiga hewa.

"Huu ni wizi!" Asumpta akasema, kwa sauti ile ile ya hasira, maana mwiko ni mwiko.

"Daktari, tafadhali," Profesa akasema, akimpa leso. "Usijitukane mwenyewe. Umechoka."

Wakamuuliza kama hakuna njia. Njia ilikuwepo, ila mbovu. Kumbukumbu za Usikivu hazifutwi. Huweza tu kufuatwa na kumbukumbu nyingine, za kikao kingine chenye akidi, na kikao pekee kilichobaki mwaka huo kilikuwa mahafali yenyewe. Je, Asumpta akisimama mahafali aseme shahada si yake? Profesa akatikisa kichwa. Hapo tasnifu ingekuwa haina mwenyewe, na kuna sheria ya zamani, iliyotungwa kwa ajili ya mbuzi waliopotea, inayosema kwamba mali isiyo na mwenyewe huenda kwa Waziri.

"Na Mheshimiwa Waziri ameshalisikia jambo hili," Profesa akaongeza, akishusha sauti. "Amelisikia vizuri sana. Fundi alikwenda jana kumpima joho."

Waziri wa Usikivu, Mheshimiwa Bakari Lugendo, alikuwa na kila kitu maishani isipokuwa uzamivu. Jina lake la alama lilikuwa kutazama saa.

Wakatoka nje. Stamili alisimama chini ya sanamu ya sikio, akamtazama rafiki yake kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja macho yake yalimpima. Kwani habari zilikuwa zimekwisha kuenea. Mtaani kwao Asumpta, mwenye nyumba alikuwa amemletea mguu wake wenye jipu autazame. Mama mkwe, aliyezoea kumwita "yule mpunga mikono", sasa alimwita "Daktari wetu" na kumwekea kipapatio cha kuku.

"Wakikuita Daktari, unaitika?" Stamili akauliza kwa mikono.

Asumpta angeweza kudanganya. "Nimeitika mara moja," akasema. "Nilikuwa nimechoka kukataa. Na ilikuwa tamu, Stamili. Ilikuwa tamu nikajichukia."

Stamili akatia mikono mfukoni. Kwa Kiziwi, hakuna mlango unaofungwa kwa kishindo kuliko huo. Akaondoka, na hawakuonana siku kumi na saba. Alishinda nyumbani amelala chali akitazama dari, kadi ya Mwasiti kifuani. Uchungu wa kuibiwa na serikali aliuzoea, ulikuwa kama mvua za vuli. Lakini huu wa kumshuku Asumpta ulimla ndani kwa ndani. Siku moja kabla ya mahafali simu yake ikatetemeka. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Njoo kesho. Chukua kalamu. Nifanyie kazi kama nilivyokufanyia mimi. Usiongeze, usipunguze."

*

Uwanja wa mahafali ulipambwa kwa masikio ya karatasi. Waziri Lugendo alikuja na joho lake jipya amelikunja mkononi, kwa tahadhari tu. Bwana Mtandi aliketi mezani pake, kichwa chini. Ilipofika zamu ya shahada za uzamivu, mshereheshaji, bwana mmoja mwenye suti ya kijani na sauti ya kuuza magodoro, alitangaza kwamba Daktari Asumpta Ndimbo, mtahiniwa bora wa mwaka, atatoa neno la shukrani.

Asumpta akapanda jukwaani. Alikisogeza kipaza sauti pembeni, akafunga mdomo, akainua mikono.

"Daktari," mshereheshaji akanong'ona, "kipaza sauti kiko huku."

Mikono iliendelea. Minong'ono ikaanza. Mwanasheria wa Chuo akafungua kitabu, akakuta Kanuni ya Arobaini: mhitimu anaruhusiwa kushukuru kwa lugha ya utafiti wake. Iliwekwa zamani kwa ajili ya mpwa wa Waziri mmoja aliyesomea Kilatini na hakutaka ifahamike kwamba hakukijua. Kanuni ya Arobaini na Moja iliongeza kwamba hakuna neno la mahafali litakalopotea bila kutafsiriwa, kwa kuwa taifa hili ni la usikivu.

"Mkalimani!" Profesa Tindwa akaamuru. "Aitwe mkalimani!"

"Mkalimani wa Chuo ndiye huyo aliye jukwaani, Profesa."

"Mwingine!"

Hakukuwa na mwingine. Mwingine angetokana na mafunzo, na mafunzo yangetokana na mtaala, na mtaala ulikuwa ukingoja sahihi. Macho yote yakazunguka uwanjani, yakatua safu ya nyuma, kwa mwanamke mwembamba aliyeshika kalamu. Mshereheshaji alimkimbilia, akamwekea karatasi mapajani, akamwonyesha jukwaa kwa ishara kubwa kubwa za mtu anayeongoza ng'ombe.

Stamili akatazama mikono ya Asumpta, ambaye sasa alianza upya, polepole.

"Mimi ndiye niliyefanya utafiti huu."

Stamili akainuka kidogo kitini. Aliangalia tena, labda ameona vibaya.

"Mimi ndiye niliyezunguka hospitali miaka sita," mikono ya Asumpta ikasema. "Mimi ndiye niliyemvika Mwasiti sanda."

Mwongo! Mwizi! Haya ndiyo maneno aliyotaka kuyaandika, na kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Kumbe kipapatio cha kuku kilitosha. Kumbe miaka kumi na mmoja si kitu. Akainua macho yaliyojaa machozi ili amtazame usoni kwa mara ya mwisho, na hapo ndipo alipouona uso wa Asumpta. Haukuwa uso wa mtu anayejisifu. Ulikuwa uso wa mtu aliyesimama mlangoni ameushika mlango wazi, anangoja mwenzake apite.

Usiongeze, usipunguze. Kiziwi akisema "mimi", mkalimani husema "mimi". Maneno ni mali ya aliyeyafikisha kikaoni.

Stamili akafuta macho kwa kiganja. Akaandika, kwa mwandiko wa mwalimu: "Mimi ndiye niliyefanya utafiti huu."

Mshereheshaji akainyakua karatasi, akajaza pumzi, akafungua kinywa kuisoma.

"Usisome!" mwanasheria akapiga yowe kutoka jukwaani. "Kanuni ya Kumi na Saba! Ukiyasoma yanakuwa yako! Watu wawili wameshaingia kwenye mkanganyiko, unataka uwe wa tatu?"

Mshereheshaji akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, akababaika, akairudisha karatasi kana kwamba imetoka motoni. Ikaamuliwa kwamba karatasi zipelekwe moja kwa moja kwa Katibu, ambaye kisheria hana mdomo, ana kalamu, na kila karatasi iwe na jina la aliyeifikisha. Basi Stamili akahamishiwa kando ya meza ya Katibu, na karatasi zikawa zinapita, moja baada ya nyingine, chini ya pua ya Bwana Mtandi. Stamili Kingalu: mimi nimesoma kadi mia moja na arobaini. Stamili Kingalu: mimi ndiye niliyeitetea tasnifu hii. Stamili Kingalu: mimi, na si mwingine, ndiye daktari, nami ninaipokea shahada yangu kwa shukrani. Bwana Mtandi alinakili kila nukta. Aliona tu kwamba huyu mzungumzaji mpya ana kandambili safi.

Mwisho wa mahafali kumbukumbu zilisomwa. Jua lilikuwa kali, pilau lilikuwa linanukia nyuma ya hema. Katibu alizisoma zote, kwa sauti moja, mpaka kwenye lile la "mimi, na si mwingine." Wageni elfu mbili waliweka viganja nyuma ya masikio na kunguruma, "Zimethibitishwa!" Waziri Lugendo alinguruma kuliko wote, huku akitazama saa. Alikuja kutambua kilichopita wakati wa pilau, naye akapiga meza, lakini Profesa Tindwa akamkumbusha kwa heshima zote kwamba kumbukumbu zimethibitishwa, na kwamba sikio halipiti kichwa.

*

Mngedhani hadithi imeishia hapo. Wizara haikudhani hivyo. Baada ya mwezi mmoja Daktari Stamili Kingalu, akiwa ameshatia sahihi mtaala wake, alipokea barua nyingine. Ilieleza kwamba kumbukumbu za mahafali zimeonyesha pasipo shaka kuwa alikiambia kikao maneno mia mbili na kumi na sita, kwa ufasaha. Kwa hiyo Wizara ina furaha kumtangaza kuwa amepona. Idadi ya Wananchi wa Usikivu Mbadala sasa ni elfu thelathini na tisa, mia tisa tisini na tisa, na Rais ameshalitaja jambo hilo kwenye gwaride. Kuanzia tarehe ya barua, hatakuwa na haja ya mkalimani, na Bi Asumpta Ndimbo akimtafsiria atashtakiwa.

Stamili alimpa Asumpta asome. Walitazamana, wakacheka mpaka Asumpta akakaa chini. Baadaye Stamili alikunja barua hiyo, akaitia kwenye daftari pamoja na kadi ya Mwasiti, kwa kuwa zilikuwa za ukoo mmoja.

Jumatatu likafunguliwa darasa la kwanza la wakalimani wa hospitali. Wanafunzi walikuwa wauguzi sitini. Safu ya mbele waliketi Waziri, akiwa mgeni rasmi, na Profesa Tindwa, aliyemsalimu mwalimu kwa kuvuta mkanda. Asumpta alikuwa safu ya nyuma, mikono mapajani, raia mtiifu.

Daktari Stamili akasimama, akaanza kufundisha, kwa lugha yake, kimya. Alianza na alama aliyoiweka kwenye ukurasa wa kwanza wa utafiti wake, ile ambayo Mwasiti aliirudia mara tatu: mikono miwili ikikazwa na kupinda chini ya kitovu, uso ukikunjamana. Akaifanya mara moja. Akaifanya tena. Mara ya tatu muuguzi mmoja mtu mzima, katika safu ya nne, aliinua mikono yake akaifuata, na machozi yakamtoka, sijui alikumbuka nani. Wa pembeni yake akafuata. Punde mikono mia moja na ishirini ilikuwa ikisema inauma hapa.

Safu ya mbele walikuwa wakigeuza vichwa. Mheshimiwa alitazama saa. Profesa Tindwa akavumilia dakika ishirini, kisha akachana kikaratasi, akaandika, akakipeleka kwa mwalimu kwa unyenyekevu: "Sisi huku mbele hatuelewi kitu. Tunaomba mkalimani."

Daktari Stamili alikisoma. Akafungua mkoba wake, akatoa nakala mbili za Fomu Namba Tisa, akawapa pamoja na kalamu, akaonyesha kwa kidole mahali pa kuanzia.

Profesa alivaa miwani. Swali la kwanza aliliruka. La pili liliuliza ameanza lini kuwa na tatizo hili. Akafikiri, akamtazama Waziri, Waziri naye akamtazama, na mwisho, kwa kuwa alikuwa msomi na fomu ni ya serikali, akajaza: "Leo asubuhi."